Kisima kirefu cha kijiji: kutafuta fedha, kupanga bei ya ndoo na kuweka akiba ya pampu

Pampu ya kuzamisha haifi wiki ya uzinduzi. Hufa mwaka wa sita au wa nane, mara nyingi mwezi wa Oktoba, malambo yamekauka na foleni ya madumu imefika barabarani. Fedha za kuchimba kisima zina wenyewe wengi: serikali, mbunge, shirika, msikiti, kanisa, wana wa kijiji walioko mjini. Fedha za kununua pampu ya pili hazina mwenyewe isipokuwa ninyi mnaochota. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hesabu ya maji na ndoo, na barua kwa mfadhili inakuja baadaye.

Mfano wetu ni kijiji cha watu 1,500 katika ukanda mkavu wa kati ya Tanzania, Singida au Dodoma, ambako maji hukaa kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa za mawe ya matale. Bei zote za vifaa na mishahara hapa ni za mfano. Ziondoeni, wekeni zenu mlizopewa na wauzaji, lakini njia ya kukokotoa iacheni kama ilivyo.

Maji kiasi gani

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu 1,500 mara lita 25 ni lita 37,500, yaani mita za ujazo 37.5. Shule ya wanafunzi 400 kwa lita 10 kila mmoja inaongeza 4. Zahanati wekeni 2. Jumla 43.5. Ongezeni asilimia 20 ya maji yatakayopotea njiani: mnafika 52 kwa siku.

Sensa ya 2022 ilionyesha watu nchini wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, baada ya miaka kumi mahitaji ya leo yanazidishwa kwa 1.37, na 52 inakuwa 71. Hapa kamati nyingi hukosea kwa kununua kila kitu kwa kipimo kimoja. Bomba lililofukiwa na tenki vitakaa miaka 20 na zaidi, kwa hiyo vipimwe kwa 71. Pampu itabadilishwa kabla ya mwaka wa kumi, kwa hiyo ipimwe kwa 52. Kununua leo pampu ya mwaka 2035 ni kulipia paneli za sola zisizo na kazi.

Vituo: watu 1,500 gawanya kwa 250 ni sita, lakini kitongoji kilichojitenga hakijali kugawanya. Chukueni ramani, choreni duara la mita 400 kuzunguka kila kituo mnachokusudia, muone nani anabaki nje. Mara nyingi sita huwa vinane. Kitongoji cha kaya 30 kilicho kilomita nne mbali mkiache nje ya mtandao wa bomba na mkitafutie kisima cha pampu ya mkono. Afridev, aina moja ya pampu hizo, hufaa pale maji yasipozidi kina cha mita 45, na bomba la kilomita nne kwa kaya 30 halitajilipa hata siku moja.

Kabla mtambo wa kuchimba haujafika

Mambo manne yakamilike kwa maandishi.

Ardhi. Aliyetoa eneo la kisima, la tenki na la kila kituo asaini hati ya kutoa, mbele ya serikali ya kijiji, na muhtasari wa mkutano mkuu uambatanishwe. "Mzee alikubali kwa mdomo" haitoshi, kwa sababu mzee akifariki watoto wake hufunga njia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazohatarisha chanzo cha maji ndani ya mita 60, kwa hiyo pimeni kabisa mita hizo mapema. Zizi la ng'ombe likiwa ndani, ama zizi lihame ama kisima kihame.

Chombo cha kuendesha. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, iliyoanzisha RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), huduma ya maji vijijini inaendeshwa na CBWSO, chombo cha wananchi cha kutoa huduma ya maji ambacho wengi bado wanakiita jumuiya ya maji. Ulizeni ofisi ya RUWASA ya wilaya kwanza. Kama kijiji chenu kimo tayari ndani ya CBWSO ya vijiji kadhaa, kazi yenu ni kupeleka wajumbe humo, si kuunda nyingine. Kamati ya maji isiyosajiliwa haitambuliki benki, haiwezi kushtaki mdaiwa, na mfadhili makini hataitumia fedha.

Kibali. Maji ya ardhini yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Sheria Na. 11 ya 2009. Kuna mabonde tisa. Sehemu kubwa ya Singida imo Bonde la Kati, na Dodoma imegawanyika, kwa hiyo hakikisheni ninyi ni wa bonde gani kabla ya kupanda basi. Ombeni kibali cha kuchimba, kisha cha kutumia maji. Kibali cha kutumia kina ada ya kila mwaka, nayo iingie kwenye bajeti.

Upimaji wa eneo. Mtaalamu wa maji ya ardhini apime kwa vifaa vya umeme wa ardhi na atoe sehemu tatu zilizopangwa kwa ubora, kila moja ikiwa na alama ya kigingi na namba za GPS. Sehemu moja haitoshi. Kwenye mwamba wa matale, mita 50 kando ya ufa ni tofauti kati ya kisima na shimo la vumbi. Bajeti ambayo haina shimo kavu hata moja haijaandikwa na mtu aliyewahi kuchimba Singida.

Mkataba wa kuchimba

Serikali ilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima kwa fedha za UVIKO-19, na RUWASA inachimba yenyewe. Mkipata nafasi kwenye mpango wa wilaya, gharama hii inawapungukia. Mkichimbiwa na kampuni binafsi, chukueni bei za makampuni matatu yaliyosajiliwa, na mkataba utaje haya:

- bei kwa mita moja ya kuchimba, kwa udongo na kwa mwamba, na bei ya shimo kavu;
- kesingi (bomba la kushikilia kuta za kisima) ya inchi 6 yenye unene uliotajwa, na mita ngapi za chujio, yaani kipande chenye matundu ya kuingizia maji;
- changarawe ya mto, mviringo, iliyooshwa. Kokoto za kuponda zina ncha, hushikana na kuziba chujio;
- saruji ya kuziba mita sita za juu, ili maji ya mvua yasishuke kando ya kesingi;
- kusafisha kisima kwa hewa mpaka maji yatoke meupe, si "kwa saa mbili";
- kupima uwezo: kwanza hatua kwa hatua, kisha saa 24 mfululizo kwa kiwango kimoja, na kupima maji yanavyorudi juu baada ya pampu kuzimwa.

Wengine hupenda mkataba wa "bila maji hakuna malipo". Unavutia, ila mchimbaji ameshapandisha bei kufidia mashimo yake makavu, na akipata maji kidogo tu mita ya 60 ataita hayo ni maji na kuondoka. Kwa mkataba wa namna hiyo, andikeni maji maana yake ni mita ngapi za ujazo kwa saa.

Kipimo cha uwezo kifanyike Septemba au Oktoba. Kikifanyika Aprili, kisima kitawadanganya. Na msipampu kwa uwezo wote: chukueni asilimia 70 ya kiwango kilichopimwa. Mahitaji yetu ni mita za ujazo 52, na sola hufanya kazi ya maana kwa takriban saa 6.5, kwa hiyo tunahitaji 8 kwa saa. Kisima kiwe kimepimwa kikatoa kati ya 11 na 12. Kikitoa 3 tu, msikitupe. Kitahudumia kituo kimoja au viwili karibu yake, na kisima cha pili kitafutwe. Msikubali kuwekewa pampu ya 8 kwenye kisima cha 3 kwa sababu tu pampu imeshanunuliwa.

Sampuli ipelekwe maabara ya maji kabla ya kununua pampu. Ulizieni hasa floraidi, nitrati, chumvi, chuma na vijidudu vya kinyesi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Singida, Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga zina maeneo yanayozidi sana, na matokeo yake ni meno ya kahawia kwa watoto na, yakizidi, mifupa kupinda. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaizidisha, kwa sababu maji hupungua na madini hubaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimekuwa kikifanyia kazi mkaa wa mifupa kama chujio la kuiondoa. Chujio hilo linawezekana kwa maji ya kunywa na kupikia ya kaya au shule. Kwa mtandao mzima wa kijiji, kisima kingine mahali pengine huwa nafuu zaidi.

Pampu na sola

Tafuteni kwanza kimo cha kusukuma. Maji pampu ikifanya kazi yamo mita 45 chini. Tenki liko mita 15 juu ya mdomo wa kisima. Msuguano wa bomba mita 10. Jumla 70. Kisha:

52 × 70 × 0.002725 (kWh za kupandisha mita moja ya ujazo mita moja juu) = 9.9 kWh, nguvu inayohitajika na maji yenyewe. Gawanya kwa 0.45, ufanisi wa pampu na mota: 22 kWh. Gawanya kwa 5, saa za jua kali: 4.4 kW. Gawanya kwa 0.75, upotevu wa vumbi, joto na waya: 5.9 kW. Kwa paneli za wati 330 hizo ni paneli 18.

Muuzaji akija na paneli 10 kwa kazi hiyo, mwambieni aandike hesabu yake karatasini. Mara nyingi utaona amepima kimo kutoka maji yaliyotulia, wakati pampu ikiwaka maji hushuka mita 15 au 20 zaidi.

Paneli zielekee kaskazini, maana tuko kusini mwa ikweta, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Pampu ikae chini ya usawa wa maji ya kupampu, si mbele ya chujio, na ibaki mita kadhaa kutoka sakafuni. Kifaa cha kuzima pampu maji yakishuka si cha hiari, hata fundi akisema "kisima hiki kina maji mengi". Kinga ya radi pia si ya hiari Singida. Nati za paneli zichomelewe.

Tenki la mita za ujazo 50 linatosha hata kwa ile 71 ya siku, kwa sababu maji huchotwa huku pampu ikijaza. Kabla ya kulipia, hakikisheni lina bomba la kumwagia uchafu chini kabisa. Yapo matenki yasiyo nalo, na kuyasafisha ni mtu kuingia na ndoo.

Bei ya ndoo

Kosa la kwanza ni kukokotoa mapato kwa lita 25. Hizo ni za kupimia bomba. Watu wanaonunua kwa ndoo, wakitembea nayo kichwani, hununua pungufu zaidi, na mvua ikinyesha wanakinga bati au wanarudi mtoni. Tukadirie lita 12 kwa mtu miezi minane ya kiangazi na nusu ya hapo miezi minne ya mvua. Siku 243 kwa mita za ujazo 18 ni 4,374. Siku 122 kwa 9 ni 1,098. Jumla 5,472 kwa mwaka, sawa na ndoo 273,600 za lita 20.

Gharama za mwaka, kwa mfano:

- fundi, 150,000 kwa mwezi: 1,800,000
- mhasibu, 100,000 kwa mwezi: 1,200,000
- mlinzi, 100,000 kwa mwezi: 1,200,000
- klorini na vipimo vya maabara: 500,000
- koki, viungio, mabomba ya kuziba: 900,000
- ada ya bonde, vikao, nauli, simu: 600,000
- akiba ya kubadilisha vifaa: 2,400,000

Akiba hiyo imetoka wapi? Pampu na mota 7,000,000 kwa miaka 7 ni 1,000,000 kwa mwaka. Kidhibiti cha sola 3,600,000 kwa miaka 6 ni 600,000. Paneli, mita, waya na bomba la kupandishia maji, 800,000. Jumla ya gharama zote ni 8,600,000.

Wauza maji wa vituoni wanalipwa asilimia 20 ya wanachokusanya. Asilimia 10 ya maji hayatalipiwa kabisa: msamaha, madeni, na udanganyifu mdogo mdogo. Kwa hiyo kila shilingi ya bei inabaki senti 72. Ndoo 273,600 mara 0.72 ni 196,992. Gawanya 8,600,000 kwa hiyo: shilingi 43.7. Bei ni 50, si kwa sababu ni namba nzuri bali kwa sababu sarafu ya 50 ipo mfukoni mwa watu, ilhali 45 inaleta ugomvi wa chenji kila asubuhi.

Sasa tazameni bei za mkutano wa hadhara. Mtu atasimama aseme 30. Kwa 30 zinabaki milioni 5.9, na uendeshaji bila akiba ni milioni 6.2: mradi haufiki Krismasi. Mwingine atasema 40, na atapigiwa makofi. Kwa 40 zinabaki milioni 7.9. Mishahara inalipwa, koki zinabadilishwa, mhasibu anasoma taarifa nzuri, na kila mwaka akiba ya pampu inapungua kwa shilingi laki saba. Hii ndiyo bei hatari kuliko zote, kwa sababu haionekani kuwa na kasoro. Miaka saba baadaye mna milioni 11.8 mahali pa 16.8, hapo ni kama hakuna aliyezikopa njiani kwa harusi au kwa mwenge.

Andikeni hesabu hii kwenye karatasi kubwa, mstari kwa mstari, muibandike siku ya mkutano. Watu hukataa bei. Mara chache hukataa hesabu wanayoiona. Bei ikipitishwa, ipelekeni RUWASA wilaya kwa idhini kabla ya kuibandika kituoni.

Wasiojiweza: mkutano mkuu utaje majina, orodha ipitiwe kila mwaka, na wapewe kadi ya ndoo tatu kwa siku. Kaya 15 kwa ndoo tatu ni ndoo 16,425 kwa mwaka, asilimia 6 ya mauzo yote, kwa hiyo msamaha unakula zaidi ya nusu ya ile 10 tuliyotenga. Msamaha usio na orodha huishia kwa wajumbe wa kamati na ndugu zao.

Fedha za kujenga zinatoka wapi

Tuseme wazi: kisima, tenki na mtandao haviwezi kulipwa kwa mkopo na ndoo za shilingi 50. Ziada ya mradi wetu kwa bei hiyo ni kama milioni 1.25 kwa mwaka. Hakuna benki itakayokopesha makumi ya mamilioni juu ya ziada hiyo, na ikikubali, kimbieni. Ujenzi wa kwanza ni wa ruzuku. Mkopo una nafasi yake, tutaifikia.

Mlango wa kwanza ni bajeti ya RUWASA ya wilaya. Nyuma yake kuna Mfuko wa Taifa wa Maji, unaopata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini. Kila anayepanda bodaboda kijijini kwenu ameshauchangia. Maombi yaingie kabla mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa. Barua ya Mei imechelewa mwaka mzima. Oktoba ndiyo wakati wake.

Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ni mdogo kwa mradi mzima lakini unatosha kipande: upimaji wa eneo, uzio, kituo kimoja. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia kazi za muda imechimba malambo na inaweza kulipia nguvu kazi. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu) ni ya vikundi vya biashara; haijengi kisima, ila kikundi cha vijana mafundi bomba kinaweza kununulia vifaa vyake humo.

Shirika au mfadhili binafsi apewe faili moja lenye muhtasari wa mkutano, hati za ardhi, usajili, ripoti ya upimaji, gharama kutoka kwa wauzaji watatu, na ile hesabu ya bei ya ndoo. Faili nyingi huishia kwenye shida ("akina mama wanatembea kilomita saba"). Shida hiyo anaijua. Asichokijua ni nani atanunua pampu ya pili, na ukurasa wa akiba ndio unaowatenganisha ninyi na maombi mengine mezani kwake.

Mchango wa kijiji uhesabiwe kwa fedha na uandikwe. Mtaro wa kina cha mita moja na upana wa sentimita 60, kwenye udongo laini, mtu mzima anachimba mita nne kwa siku. Kilomita tatu ni siku-kazi 750. Wekeni daftari la majina, kila mtu mita zake, na anayeshindwa kuchimba alipe kibarua. Mtaro usioshuka mita moja hupasuliwa na jembe la ng'ombe msimu wa kwanza.

Na mkopo? Ni wa kupanua mradi ambao tayari unauza maji. Mfano: kilomita moja ya bomba na majumba 40 yaunganishwe. Kaya ya watu watano iliyokuwa inanunua lita 12 kwa mtu, ikipata koki uani hutumia karibu lita 40. Nyongeza ni mita za ujazo 5.6 kwa siku kwa kaya zote. Tuhesabu siku 300 tu kwa ajili ya mvua: 1,680 kwa mwaka. Kwa 2,500 kwa uniti (mita moja ya ujazo), bei ileile ya ndoo, ni 4,200,000. Toeni asilimia 10 ya wasiolipa, 3,780,000. Mkopo wa milioni 5 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, miezi 24, unadai karibu 250,000 kwa mwezi, milioni 3 kwa mwaka. Mapato ni mara 1.26 ya deni. Chini ya 1.2 msisaini. Riba ya "asilimia 3 tu kwa mwezi", inayokokotolewa kwenye deni lote hadi mwisho, inapandisha marejesho hadi takriban 358,000 kwa mwezi, na mradi huohuo unageuka mzigo.

Kaya nazo zilipe vifaa vya kujiunganisha, na hapa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hufanya kazi nzuri kuliko benki: laki moja na nusu, miezi sita, dhamana ni wanakikundi.

Kenya kuna mfano mpana zaidi. Benki ya K-Rep, ambayo leo ni Sidian, ilikopesha miradi ya maji ya kijamii kupitia mpango wa Maji ni Maisha: jamii ilitoa asilimia 20, benki ilikopesha hadi 80, na mradi ukikamilika na wateja wakathibitishwa, ruzuku ya hadi asilimia 40 ya gharama ilipunguza deni. Ruzuku ikija baada ya maji kutoka, mkandarasi na kamati wote wana sababu ya kumaliza kazi.

Fedha mikononi

Fungueni akaunti mbili: ya matumizi na ya akiba. Kila tarehe 1, kabla ya mshahara wa yeyote, 200,000 ziende kwenye akiba. Watia saini watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na mmoja asiwe mjumbe wa kamati.

Kila kituo kiwe na mita. Muuzaji na mhasibu wasome pamoja jioni: mita imetembea uniti 2.4, ni ndoo 120, ni shilingi 6,000. Analeta 6,000, ukiondoa ndoo za kadi za msamaha. Hakuna mjadala wa ndoo ngapi zilimwagika, maana asilimia zake zimo kwenye malipo yake. Malipo ya majumbani yapitie kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), si mkononi mwa fundi. Mita za kulipia kabla zinapunguza wizi, ila zikiharibika kituo kinafungwa hadi mtaalamu afike kutoka mjini. Ulizeni kwanza yuko wapi na betri zake zinauzwa wapi.

Linganisheni mita kuu na jumla ya mita za vituo kila wiki. Tofauti ikizidi asilimia 20, fungeni vituo vyote usiku, pimeni tenki saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri. Maji yakishuka, kuna bomba linavuja au mtu amejiunganishia shambani.

Yanayoharibika

Pampu inawaka lakini maji ni machache: angalieni kwanza vumbi la paneli na kivuli cha mti uliokua, kisha bomba la kupandishia lililotoboka, ambapo mtasikia maji yakidondoka ndani ya kesingi mkitega sikio mdomoni. Maji yanatoka asubuhi na kukatika saa sita: kisima kinazidiwa, punguzeni kasi ya pampu. Maji yana mchanga: zimeni, iteni mtaalamu, kwani mchanga unakula pampu kwa miezi na chujio huenda limepasuka.

Pampu inapotolewa nje, hesabuni urefu wa bomba na muuandike ukutani mwa kibanda. Kamba ya usalama ibadilishwe. Kiungio cha waya ndani ya maji kifungwe kwa kifaa chake maalumu. Utepe mweusi wa kawaida huingiza maji, na mota mpya huungua ndani ya wiki mbili.

Kabla ya kurudisha huduma, kisima kiuliwe vijidudu. Kesingi ya inchi 6 ina lita 18 hivi kwa kila mita ya maji. Mita 60 za maji ni kama lita 1,080. Kwa miligramu 50 za klorini kwa lita, unga wa klorini wa asilimia 65 unahitajika gramu 83. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, nje, upepo ukiwa mgongoni, mimina, wacha saa 12 hadi 24, kisha pampu maji yamwagike mbali na mashamba mpaka harufu iishe. Kwa tenki la 50, kila siku, gramu 77 hutoa miligramu 1 kwa lita. Kwenye koki ya mwisho kipimo kisome kati ya 0.2 na 0.5. Kikisoma sifuri siku tatu mfululizo huku unga unawekwa, fungueni bomba la chini la tenki mtazame kinachotoka.